Nilisomea nyuki kwa kupenda, sasa natamani kuacha. Nimepotea, au nimechoka tu?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni afisa nyuki katika halmashauri moja mkoani Tabora, nina miaka 29 na huu ni mwaka wangu wa tano kazini. Kazi hii niliichagua mwenyewe. Niliamini kwamba mwanakijiji akipata hela ya maana kwenye asali, mti hataukata. Sasa hivi sijui ninaamini nini. Mizinga ya masanduku tuliyogawa kwa vikundi, mingi haina nyuki, na mingine kuku wanatagia. Msimu ukifika, watu wanamuuzia mlanguzi hukohuko porini kabla hatujakusanya. Hela ya mafuta ya pikipiki haiji, natoa mfukoni. Wazee wananicheka, "binti, nyuki hawasomi." Mwenzangu niliyesoma naye ameajiriwa kwenye kampuni ya tumbaku na ameshanunua gari. Kanisani wananiambia nivumilie kwa sababu kazi hii ni wito. Nifanye nini nisipoteze lengo langu? Au limeshapotea na mimi ndiye sijajua?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole na safari za porini.

Umeuliza swali moja lakini ndani yake umebeba mizigo mitatu: uchovu, kero za kazi na shaka. Asubuhi mizigo hiyo yote huja na sura moja, ile ya kutotaka kuamka, ndiyo maana ni rahisi kuichanganya. Wengi wanaokuja kwangu na neno "nimepoteza lengo" huwa wana mmoja au miwili tu kati ya hiyo. Tuipakue.

Nianze na uchovu, kwa kuwa huo ukiwepo, kila kitu kingine utakisoma vibaya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa, liliueleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako kiasi cha kuidharau, na kujiona hufai tena kuifanya. Halikuuita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Hiyo dalili ya pili itazame vizuri. Mtu akifika mahali pa kuona kila kikundi ni cha wababaishaji na kila mwanakijiji ni mwongo, huwa anajiambia kwamba hatimaye amefumbuka macho. Anaona kama amepata hekima. Mara nyingi ni uchovu unaosema, na kauli zake hazifai kuwa msingi wa uamuzi wa maisha.

Umechukua likizo lini? Hukuitaja popote, na wanaosahau kuitaja ndio hao ambao hawajaigusa. Siku 28 kwa mwaka ni haki yako, si fadhila ya mkuu wa idara. Ichukue, na usiitumie kulima mahindi ya shangazi kutwa nzima. Uzito huu ukipungua baada ya wiki mbili tatu za kulala vizuri na kuwa mbali na simu za ofisini, utakuwa umejua kwamba sehemu kubwa ilikuwa uchovu. Lakini kama usingizi umekukimbia, chakula hakipiti, na hata vitu vilivyokuwa vinakufurahisha nje ya kazi havikugusi tena, na hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, usiendelee kujitafutia dawa kwa kusoma majibu kama haya. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, Kitete, uonane na daktari, umweleze hivyohivyo bila kupunguza. Na ukianza kuwaza kufa, nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako.

Sasa kero. Hizi nitazipitia haraka, maana unazijua kuliko mimi.

Hela ya mafuta: acha kutoa mfukoni bila kikomo. Najua unatoa kwa nia njema. Tatizo ni kwamba kutoa huko kunaficha pengo. Taarifa ya robo mwaka inaonyesha vijiji vimetembelewa, wakubwa wanasoma na kuona mambo yanakwenda, na bajeti ijayo fungu la mafuta linabaki palepale. Andika barua, ambatanisha ratiba ya vijiji, eleza ni vijiji vingapi vinafikika kwa fedha iliyopo, kisha ufike hivyo tu. Visivyofikiwa vionekane kwenye taarifa kwamba havikufikiwa. Itauma, hasa pale mwenyekiti wa kikundi atakapopiga simu kuuliza mbona huji. Vumilia hilo.

Mizinga mitupu: nyuki wetu ni wahamaji. Chakula kikipungua, moto ukipita, siafu wakivamia au nyegere akibomoa, kundi zima huondoka na kuacha masega. Mzinga kukaa mtupu msimu mmoja ni habari ya kawaida hata kwa mzee aliyekulia manzukini, kwenye shamba la mizinga. Darasani ulifundishwa haya, ila naona umeyageuza kuwa hukumu juu yako. Kosa la kujilaumu kwa tabia ya nyuki nimeliona kwa maafisa nyuki, kama nilivyoliona kwa wauguzi wanaojilaumu kwa mvua iliyokata barabara.

Hapo kwenye wito nina ugomvi kidogo na washauri wako wa kanisani, ingawa nia yao ni njema. Mwaka 2009 watafiti wawili, Bunderson na Thompson, walichapisha kazi yao kuhusu watunza wanyama katika bustani za wanyama za Marekani na Kanada. Ni watu wenye elimu nzuri, malipo madogo, na kazi ya kuzoa mavi ya wanyama, na wengi wao walisema hawawezi kujiona wakifanya kazi nyingine yoyote. Watafiti waliona pande mbili. Mwenye kuhisi ameitwa alipata maana kubwa katika kazi yake, na alikuwa tayari kujitoa zaidi. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa rahisi kunyonywa na mwajiri, kwa sababu mwajiri anajua haondoki. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni wito" wakati unadai posho ya mafuta, mshukuru, kisha endelea kudai. Kudai hakukupunguzii imani yako wala mapenzi yako kwa msitu.

Tufike kwenye shaka. Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu naona unaikimbia.

Umeniuliza ufanye nini usipoteze lengo, kana kwamba shaka ni mwizi aliyekuja kulichukua. Mimi naiona kama taarifa kutoka kijijini. Kwa miaka mitano umeona mambo ambayo hukuyaona chuoni, na akili yako inakataa kuendelea kusema maneno yaleyale ya siku ya kwanza. Hiyo ni dalili kwamba akili inafanya kazi. Kinachotakiwa ni kujua shaka inagusa nini hasa: njia, au kusudi lenyewe.

Tabora ina historia ya jambo hili, na sisi wenyeji huwa tunaikumbuka siku za sherehe tu. Januari 1958, TANU ilifanya Mkutano wake Mkuu hapa mjini. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi waliona ni matusi, na kweli yalikuwa matusi. Walitaka chama kisusie. Nyerere, ambaye Desemba 1957 alikuwa ametoka kujiuzulu kwenye Baraza la Kutunga Sheria, alisimama kutetea kushiriki. Hebu utazame huo mfuatano. Mtu yuleyule, ndani ya muda mfupi, anaachia kiti kimoja kwa sababu anaona hakifiki popote, kisha anatetea kuingia kwenye uchaguzi ambao hata yeye hakuupenda. Anayetazama njia tu atasema ni kigeugeu. Kusudi lilikuwa uhuru, nalo halikusogea hata inchi moja. Hoja yake ilishinda, ingawa iligharimu: Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake, African National Congress. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, na TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapanda. Uamuzi ule wa Tabora hadi leo unaitwa uamuzi wa busara.

Sasa geukia kazi yako. Kusudi lako ulivyoliandika ni msitu ubaki na watu wale. Mzinga wa sanduku ni njia. Kugawa mizinga kwa vikundi ni njia. Kukusanya asali sehemu moja ili iuzwe kwa bei nzuri, nayo ni njia. Shaka yako ikitua kwenye mzinga wa sanduku, hujapoteza kitu. Una swali la kitaalamu. Wazee wanaokucheka kwamba nyuki hawasomi, usiwapite kwa salamu. Kaa nao. Waulize mzinga huu umekosea wapi: ni urefu uliotundikwa, ni kivuli, ni harufu ya mbao mbichi, ni mwezi uliowekwa? Waulize nyuki wanapita upande gani miti ya mitundu na miyombo ikichanua. Wao nao wana jambo la kujibu. Mzinga wa gome wanaoupenda huua mti, maana gome likichunwa mzunguko mzima mti haponi. Hayo ni mazungumzo ya watu wawili wenye ujuzi, na nadhani hujawahi kuyafanya. Umekuwa ukiwafundisha.

Kuna shaka nyingine nzito zaidi, ambayo umeigusa ukaikwepa: je, ni kweli kwamba asali inaokoa msitu? Sitakufariji kwa uongo. Hela ya asali peke yake haizuii shoka. Mabani ya kukaushia tumbaku yanataka kuni kila msimu. Mkaa una soko. Mtu anaweza kuuza ndoo tano za asali na fedha hiyohiyo akaitumia kuongeza ekari ya tumbaku. Umeyaona haya kwa macho yako, na nadhani ndiyo yanayokunyima raha kuliko kukosa gari. Sentensi uliyoingia nayo kazini, kwamba akipata hela hatakata, ilikuwa fupi mno. Irefushe. Asali humpa mtu sababu ya kuulinda msitu pale ambapo msitu una mwenyewe, na huyo mwenyewe ana uwezo wa kumzuia jirani yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuutungia sheria ndogo. Katika vijiji vyako, ni vingapi vyenye msitu wa namna hiyo ambavyo pia vina wafugaji nyuki? Kama vipo hata viwili, kazi yako ya mwaka ujao inaweza kuwa pale, na kwingine uendelee na wajibu wa kawaida wa ajira. Hapo shaka itakuwa imelinoa kusudi.

Anayedhani kusudi kubwa halihitaji shaka akatazame Urambo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nia yenyewe haikuwa mbaya: baada ya vita watu walikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Matrekta yalishushwa, misitu ikang'olewa. Ardhi na mvua vikakataa, na walioijua ardhi ile hawakuulizwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Wale jamaa hawakukosa ari. (Na tumbaku inayokuumiza kichwa ilikuja kushika mizizi Urambo baada ya karanga kushindwa, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Baada ya hapo nina jambo moja la vitendo ambalo nalitilia mkazo kuliko mengine. Kazi yako imekuwa ya makaratasi kuliko unavyodhani. Mizinga mingapi imegawiwa, vikundi vingapi vimeundwa, watu wangapi wamehudhuria. Namba hizo haziwezi kulisha moyo wa mtu, kwa sababu ndani yake hamna mtu. Mwaka 2007 mtafiti Adam Grant alichapisha majaribio aliyoyafanya katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, kwenye kitengo cha kupiga simu kuchangisha fedha. Wapiga simu wachache walikutanishwa kwa dakika kama tano na mwanafunzi aliyesoma kwa ufadhili uliotokana na michango hiyo, wakamsikiliza. Mwezi mmoja baadaye walikuwa wakitumia kwenye simu muda zaidi ya mara mbili ya ule wa mwanzo, na fedha walizochangisha nazo ziliongezeka zaidi ya maradufu. Hawakuongezewa mshahara, na hakuna aliyewahubiria kuhusu wito.

Simu za Marekani si nyuki wa miombo, najua. Lakini nimeona jambo linalofanana kwa watumishi wa huku. Basi msimu ujao, chagua kaya moja ambayo asali imeibadilisha kweli, hata kama ni moja tu katika kata nzima, na uende siku wanayorina. Usiende na fomu. Lala huko kama mazingira yanaruhusu, shika bomba la moshi, kula asali na masega yake, usikilize fedha ya mwaka jana ilikwenda wapi. Kisha nenda kwenye kaya moja ambayo imeshindwa, na huko pia usikilize. Halafu ongeza safu moja kwenye daftari lako ambayo hakuna mkubwa aliyeiomba: mizinga yenye nyuki. Ile iliyogawiwa iandike kwenye taarifa kama inavyotakiwa. Yenye nyuki ihesabu kwa ajili yako.

Siku mbaya zitaendelea kuwepo, na siku hizo ari haitakuja kwa kuitwa. Kazi ya mwanasaikolojia Gollwitzer ya mwaka 1999 na tafiti nyingi zilizofuata zinaonyesha kwamba mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi" humsaidia mtu kutekeleza kuliko nia peke yake. Uandike wako kwa mambo yanayokukwaza kila mara. Nikifika kijijini nikakuta mkutano haupo, nitakagua mizinga mitatu iliyo karibu kabla ya kuwasha pikipiki. Mlanguzi akiwa ameshapita, nitauliza alinunua ndoo kwa bei gani na kwa nini walimkubalia. Jibu la hilo la pili huenda likawa rahisi: alikuja na fedha mkononi, tena mwezi wa ada za shule. Ukilijua hilo, utaacha kuwaita wasaliti.

Kuhusu mwenzako wa tumbaku, nitakuuliza kitu kimoja, ujibu ukiwa peke yako. Kampuni ile ikikupigia kesho na mshahara uleule, utakwenda? Kama jibu ni ndiyo bila kusita, hakuna aibu. Fedha ni hitaji, una wazazi, na labda una wadogo wa kusomesha. Kuna watu wema wanaonunua tumbaku. Kama ulisita, angalia ulisitia wapi, kwa sababu hapo patakuambia kuhusu kusudi lako mambo mengi kuliko maelezo yangu yote.

Na ukiona kweli uondoke, ondoka kwa utaratibu. Usiamue Oktoba, joto likiwa kali, moto umeshapita porini na mfuko umekauka. Tabora ya Oktoba inaweza kumfanya mtu achukie hata ndoa yake. Usiamue pia jioni ya siku uliyosukuma pikipiki. Chagua siku moja baada ya msimu mkubwa wa kurina, iandike, na leo, kabla hujajua msimu utakuwaje, andika masharti: nikiona haya na haya nitabaki, nikiyakosa nitaomba uhamisho au nitatafuta kazi kwingine. Mnong'oneze mtu mmoja unayemwamini ili asikuruhusu kuyabadilisha katikati. Kuondoka kwenye ajira hii si lazima kuwe kuondoka kwenye nyuki. Wapo waliotoka serikalini wakafungua manzuki yao, na wapo wanaofundisha.

Mpaka siku hiyo ifike, usijihukumu kila asubuhi. Ukijikuta unauliza tena kama ubaki au uondoke, jibu ni kwamba swali hilo lina tarehe yake.

Watafute pia wale mliosoma pamoja ambao bado wako kwenye nyuki, Sikonge, Kaliua, Uyui na hata Katavi. Kundi la WhatsApp mnalo, nina hakika, na nina hakika limejaa salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba. Uliza humo swali moja la kazi: nani ana mzinga wa sanduku ulioingiwa na nyuki mwaka huu, na aliuwekaje? Utashangaa wangapi wanasubiri mtu aanze.

Kwa wiki hii kuna barua mbili tu. Ya likizo itangulie, maana maombi hukaa mezani. Ya mafuta ifuate, ikiwa na ratiba ya vijiji na nakala yako mwenyewe yenye mhuri wa kupokelewa.